Kitabu cha karatasi, cha kielektroniki au cha sauti: Mnunuzi azingatie nini?

KILA Januari shule zinapofunguliwa, wazazi jijini Nairobi, hasa wale ambao watoto wao wamo katika shule za kibinafsi, humiminika madukani na katika vijia vya katikati ya jiji ambako vitabu vilivyokwisha kutumika hutandazwa juu ya maturubai. Wauzaji hao wa kando ya barabara wamebandikwa jina la "inama", kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama ndipo ayasome majalada. Hapo nakala ya riwaya iliyosomwa na mwanafunzi wa mwaka uliotangulia huuzwa kwa bei ya chini, au hubadilishwa kwa nyingine na mzazi akaongeza pesa kidogo.

Siku hizi mzazi huyo ana jambo jingine la kuamua. Mwanawe humwarifu kwamba kitabu kile kile kinaweza kusomwa kwenye simu. Mwenzake wa kazini naye humwambia kwamba aliacha kitambo kubeba vitabu. Huvisikiliza tu akiwa ndani ya matatu, nyaya za simu zikiwa masikioni. Mzazi hubaki akijiuliza: kati ya kitabu cha karatasi, cha kielektroniki na cha sauti, kipi bora?

Swali hilo, jinsi linavyoulizwa aghalabu, lina kasoro. Linachukulia kwamba kitabu ni maneno yaliyomo tu, na kwamba haidhuru yawe yamechapishwa, yanang'aa kwenye skrini au yanatamkwa. Ni kweli maneno hayabadiliki. Lakini watu watatu waliolipia riwaya moja kwa njia hizo tatu hawakununua kitu kimoja. Wa kwanza amenunua mali. Wa pili amenunua ruhusa ya kusoma. Wa tatu amenunua ruhusa, na juu yake kazi ya mtu aliyekaa studioni siku kadhaa akimsomea. Tofauti hizo ndizo zinazopaswa kuuongoza uamuzi, wala si ushabiki wa teknolojia au mapenzi ya harufu ya karatasi mpya.

Mali na ruhusa

Kitabu cha karatasi kikishalipiwa huwa cha mnunuzi sawa na sufuria au kiti. Anaweza kukiazimisha, kukiuza, kukitoa zawadi kwa maktaba ya shule ya kijijini kwao au kuwaachia wajukuu. Sheria ya hakimiliki humzuia kutoa nakala na kuziuza, lakini haimzuii kumpa mtu mwingine nakala aliyo nayo mkononi.

Katika nchi kama Kenya haki hiyo si jambo dogo. Nakala moja hupita mikononi mwa kaka, dada na binamu kabla ya kufika kwa muuzaji wa kando ya barabara. Tuseme mzazi amenunua riwaya teule kwa Sh600, na miaka miwili baadaye akaiuza kwa Sh300. Gharama yake halisi ni Sh300, na iwapo watoto wawili waliisoma, kila mmoja amegharimu Sh150. Nakala ya kielektroniki ya Sh400 huonekana rahisi ikilinganishwa na ile ya Sh600, lakini haiuziki tena, na mara nyingi haiwezi kuhamishiwa simu ya mdogo wake. Anayelinganisha bei zilizobandikwa tu hupiga hesabu nusu.

Kwamba kitabu cha kielektroniki ni ruhusa wala si mali, wasomaji wengi walikuja kulitambua mwezi Julai 2009. Kampuni ya Amazon ya Marekani, iliyoanza kuuza kifaa chake cha kusomea cha Kindle mwaka 2007, iligundua kwamba nakala fulani za vitabu viwili vya George Orwell zilikuwa zimewekwa dukani mwake na mtu asiyekuwa na haki ya kuziuza. Vitabu vyenyewe vilikuwa 1984 na Animal Farm, hicho cha pili kikiwa ndicho wasomaji wa Kiswahili wanachokifahamu kama Shamba la Wanyama. Kampuni iliwarejeshea wateja pesa zao na, bila kuwauliza, ikavifuta vitabu hivyo kutoka katika vifaa vyao. Watu walifungua Kindle zao wakakuta kitabu walichokuwa wakikisoma hakipo. Tena 1984 ni riwaya inayosimulia dola inayofuta maandishi isiyoyapenda. Kinaya hicho mtunzi yeyote angeona haya kukibuni. Mwasisi wa Amazon, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani.

Kisa hicho hakikuwa cha mwisho. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ililifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Wateja walirejeshewa pesa, lakini vitabu vilitoweka pamoja na maelezo ambayo wasomaji walikuwa wameyaandika pambizoni. Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Uholanzi iitwayo Tom Kabinet, kwamba kitabu cha kielektroniki kilichokwisha kutumika hakiwezi kuuzwa tena bila idhini ya mwenye hakimiliki. Mnamo Februari 2025, Amazon iliondoa njia iliyokuwa ikiwawezesha wateja kupakua vitabu walivyonunua kwenye tarakilishi na kuvihamisha kwa waya.

Maktaba nazo zimeonja hali hiyo. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins alizitangazia maktaba za Marekani kwamba nakala ya kielektroniki ingeweza kuazimwa mara 26 tu, kisha maktaba ingelazimika kuilipia upya. Wakutubi walishangaa, kwani kitabu cha karatasi chenye jalada gumu huazimwa mara nyingi kuliko hizo na bado kikawa imara.

Si vitabu vyote vya kielektroniki vilivyo na kufuli ya aina hiyo. Mwaka 1971, Michael Hart, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipiga chapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwenye tarakilishi ili yeyote alitumie bure. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Project Gutenberg, ambayo sasa ina zaidi ya vitabu 70,000 ambavyo ulinzi wa hakimiliki umekwisha nchini Marekani. Karibu na nyumbani, mradi wa African Storybook uliofungua tovuti yake mwaka 2014 hutoa bila malipo hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na mwalimu ana ruhusa ya kuzipakua, kuzichapisha na hata kuzitafsiri. Faili za namna hiyo mtu akishaziweka kwenye kifaa chake ni zake.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mnunuzi wa kitabu cha kielektroniki ana maswali mawili ya kuuliza. Je, faili hii inaweza kufunguliwa na programu nyingine isiyokuwa ya duka hili? Na je, duka likifungwa kesho, kitabu kitabaki? Jibu likiwa la, haimaanishi asinunue. Riwaya ya kusomwa mara moja safarini haihitaji kudumu. Kamusi, kitabu cha marejeo na diwani ambayo mtu atairudia maisha yake yote ni habari nyingine.

Pale ambapo skrini hushinda

Ingekuwa dhuluma kukihukumu kitabu cha kielektroniki kwa kufuli zake peke yake. Mkenya anayeishi Doha au Minneapolis na anayetaka mwanawe asome Kiswahili hatapata duka la vitabu vya Kiswahili mtaani mwake, na gharama ya kutumiwa kifurushi hupita bei ya kitabu chenyewe. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye Lodwar na anayehitaji sura moja usiku huu hawezi kungoja basi la kutoka Nairobi. Kampuni ya eKitabu, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2012, ilijengwa juu ya haja kama hizo, kwa kukusanya mahali pamoja vitabu vya wachapishaji wa Kenya katika muundo wa kielektroniki.

Aidha, kuna faida ambayo wenye macho makali hawaifikirii: herufi hukuzwa. Mtu wa miaka 60 anayeweka gazeti mbali na uso ndipo asome anaweza kuyakuza maandishi ya riwaya hadi yamtoshe. Kitabu cha karatasi chenye herufi kubwa ni adimu mno katika maduka yetu.

Hata hivyo, skrini si moja. Skrini ya simu na ya tarakilishi hutoa mwanga wake yenyewe, na chini ya jua kali huwa kama kioo. Vifaa vilivyobuniwa mahsusi kwa kusomea, kama Kindle na vinginevyo, hutumia kinachoitwa wino wa kielektroniki. Chini ya kioo chake mna vidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa na chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji tofauti za umeme. Ukurasa unapofunguliwa, umeme husukuma chembe nyeusi juu mahali panapohitaji herufi, na nyeupe kwingineko. Baada ya hapo chembe hubaki zilipo bila kuhitaji umeme zaidi. Ndiyo sababu kifaa hicho hukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa, na husomeka vyema penye jua. Kasoro yake ni bei, na kwamba hakifanyi kazi nyingine ya maana. Familia nyingi zikiwa na pesa hizo zitanunua simu.

Muundo wa faili pia una uzito wake. PDF ni picha ya ukurasa uliopangwa kwa ukubwa mmoja. Ukiifungua kwenye simu, herufi huwa kama siafu, na ukizikuza mistari hutoka nje ya skrini na kukulazimu kuisukuma huku na kule. EPUB, muundo uliokubaliwa na wachapishaji mwaka 2007, huyapanga maneno upya kulingana na upana wa kioo. Anayedai kwamba kusoma kwenye simu kunamtesa huenda hajawahi kusoma isipokuwa PDF.

Na hapa ndipo panapopaswa kutajwa nakala tepe za vitabu teule vya fasihi ambazo husambazwa katika makundi ya WhatsApp. Nyingi ni picha zilizopigwa kwa simu, kurasa zikiwa zimepinda na nyingine zimerukwa. Mtahiniwa anayetegemea nakala kama hiyo huingia mtihanini bila kujua kwamba sura nzima ilimpita. Mwandishi wa riwaya naye hapati hata senti moja. Wachapishaji wana lawama zao katika jambo hili, kwa kuwa mara nyingi mwanafunzi anayetaka kununua nakala halali ya kielektroniki hajui aitafute wapi. Lakini lawama hizo hazimhalalishii mtu wizi.

Kuelewa na kukumbuka

Mbali na bei, wazazi huuliza iwapo mtoto anayesoma kwenye skrini huelewa sawasawa na yule anayesoma karatasi. Utafiti juu ya jambo hili ni mwingi, na jibu lake lina mipaka inayofaa kuzingatiwa.

Mwaka 2018, watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Chuo Kikuu cha Valencia, Uhispania, walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zilizofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017 na kuhusisha zaidi ya watu 170,000. Walibaini kwamba waliosoma karatasi walielewa zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Tofauti hiyo ilijitokeza katika maandishi ya kutoa maarifa, kwa mfano ya sayansi au historia, wala haikuonekana katika hadithi. Iliongezeka pale wasomaji walipowekewa muda maalumu. Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba haikupungua kadiri miaka ilivyosonga, bali ilikua, ilhali wengi walitarajia kwamba kizazi kilichozoea skrini kingezisoma kama karatasi.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba tabia hufuata kifaa. Simu ndiyo tunayoitumia kupitia habari na ujumbe kwa haraka, kwa hivyo jicho hukimbia hata pale panapohitaji utulivu. Isitoshe, katika kitabu cha karatasi msomaji hukumbuka kwamba jambo fulani lilikuwa upande wa kushoto, chini, karibu na mwisho. Kwenye skrini maandishi hupanda na kushuka, na alama hiyo ya mahali hupotea.

Kwa mzazi, hoja inayotokana na matokeo hayo ni nyepesi. Kitabu cha kiada cha biolojia au historia na kielezi, chenye michoro na mambo ya kurudiwa mara kwa mara, afadhali kiwe cha karatasi. Hadithi ya kujiburudisha haidhuru. Na iwapo mtoto husoma kitandani, ni vyema ifahamike kwamba utafiti wa Hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, uliochapishwa mwishoni mwa 2014, uligundua kwamba waliosoma kwenye skrini yenye mwanga kabla ya kulala walikawia kupata usingizi kwa takriban dakika 10 kuliko waliosoma vitabu vya kawaida. Walioshiriki walikuwa watu 12 pekee, kwa hivyo si vyema kuyapigia debe kupita kiasi matokeo hayo.

Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2016 kusambaza tabuleti kwa wanafunzi wa Darasa la Kwanza, na zaidi ya milioni moja zilifika shuleni. Vifaa hivyo vinahitaji umeme, kabati lenye kufuli, mwalimu aliyefunzwa na fundi wa kuvitengeneza. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1996, Huduma ya Maktaba za Taifa ilikuwa imeanza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Vitabu hivyo havikuhitaji chochote ila mkeka wa kukalia na kivuli cha mti.

Masikio yaliyotangulia macho

Kitabu cha sauti huchukuliwa kuwa jambo jipya, ilhali ni kongwe kuliko skrini zote. Thomas Edison alipobuni mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, miongoni mwa matumizi aliyoyatabiri ni vitabu vya kusomewa vipofu. Nchini Uingereza, utabiri huo ulitimia mwaka 1935, santuri za kwanza zilipotolewa kwa ajili, hasa, ya askari waliopofuka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo ilikuwamo riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd. Msimulizi wake ndiye mwuaji ambaye msomaji hamshuku, na ni rahisi kuwawazia maaskari hao wakibishana baada ya santuri ya mwisho.

Katika uswahilini, lakini, sikio lilitangulia zamani. Tenzi zilitungwa ili zisomwe kwa sauti mbele ya watu. Utendi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye mwaka 1858 uliwafikia wanawake wengi wa pwani kwa kughaniwa, si kwa kusomwa kimya kimya. Mizani na vina vyake vilikusudiwa sikio. Mtu anayepitisha macho juu ya utenzi kama anayesoma tangazo la zabuni hupoteza nusu ya kazi ya mtunzi. Ikiwa kuna fasihi inayostahili kitabu cha sauti, basi ni hii yetu.

Kinachosikitisha ni kwamba vitabu vya sauti vya Kiswahili ni vichache mno vikilinganishwa na vya Kiingereza. Kampuni ya Audible, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kununuliwa na Amazon mwaka 2008, ina hazina kubwa, lakini kwa kiasi kikubwa ni ya lugha za Ulaya. Sababu moja ni gharama: msomaji mwenye sauti nzuri, studio, mhariri wa sauti, na saa nyingi za kurudia pale ulimi ulipoteleza. Soko likiwa dogo, mchapishaji husita.

Wengi sasa huelekeza macho kwa sauti za mashine. Simu nyingi zinazotumia mfumo wa Android zinaweza kusoma Kiswahili kwa sauti, na kwa habari au barua zinatosha. Kwa fasihi bado ni mushkeli. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini kuna maneno yanayokiuka. Neno "barabara" likitiwa mkazo mahali pa kawaida ni njia ya magari. Mkazo ukisogezwa nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa. Binadamu huamua kutokana na muktadha. Mashine hukisia. Vivyo hivyo katika shairi mashine haijui kutua mwishoni mwa kipande, ikautenganisha ukwapi na utao. Ubeti mzima hutoka kama orodha ya bidhaa. Tena mashine haisomi picha, hivyo zile PDF za WhatsApp zilizopigwa kwa simu huifanya ikae kimya.

Je, kusikiliza ni kusoma? Baadhi ya walimu hukasirishwa na swali lenyewe. Utafiti wa mwaka 2016 wa Beth Rogowsky na wenzake uliwapa watu wazima 91 sehemu za kitabu kimoja. Wengine walisikiliza, wengine walisoma kwenye skrini, wengine walifanya yote mawili pamoja. Walipojaribiwa papo hapo na baada ya majuma mawili, hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2010, uliofanywa na David Daniel na William Woody, uliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala ya kitaaluma, na waliosikiliza walipata alama za chini kuliko waliosoma.

Tafiti hizo mbili hazipingani kama zinavyoonekana. Kitabu cha masimulizi humchukua msikilizaji kama mkondo wa maji. Hoja nzito huhitaji kusimama, kurudi aya moja nyuma, kupiga mstari. Kwa sauti kurudi nyuma ni kazi, na mara nyingi msikilizaji hata hatambui kwamba mawazo yake yalikuwa yametoka garini na kwenda nyumbani. Wasifu, riwaya na hadithi za watoto husikilizika. Hisabati, sarufi na sheria hazisikiliziki, atake asitake.

Anayenunua kitabu cha sauti asikilize kwanza sehemu ya majaribio, maana sauti isiyompendeza itakuwa naye kwa saa 10. Achunguze pia kama kimefupishwa; vingine hukatwa sehemu kubwa na neno hilo huandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akumbuke ukubwa wa faili. Riwaya isiyo na picha katika EPUB mara nyingi haizidi megabaiti moja au mbili. Riwaya hiyo ikisomwa kwa saa 10 katika ubora wa wastani wa kilobiti 64 kwa sekunde hufikia megabaiti 288. Mwenye kulipia data kwa vifurushi vya siku ataihisi tofauti hiyo mfukoni, na ni afadhali apakue akiwa mahali penye Wi-Fi.

Wasio na la kuchagua

Mjadala huu wote humchukulia mtu anayeweza kuchagua. Kwa asiyeona, kitabu cha karatasi kilichochapishwa kwa wino ni sawa na ubao mtupu. Amebaki na breli, ambayo ni ghali na hujaza mahali, kwani riwaya moja hugawika katika majuzuu kadhaa makubwa, au sauti, au faili ya kielektroniki ambayo kifaa chake kinaweza kuisoma.

Kwa miaka mingi sheria za hakimiliki zilimfunga pia. Shirika lililotaka kugeuza kitabu kiwe cha breli au sauti lilihitaji idhini ya mchapishaji, na lililofanya hivyo katika nchi moja halikuweza kupeleka nakala kwa nchi nyingine. Mkataba wa Marrakesh uliotiwa sahihi mwaka 2013 uliviondoa vikwazo hivyo kwa manufaa ya vipofu na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Kenya iliuridhia mwaka 2017, na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yakaingiza masharti yake katika sheria ya nchi.

Kilichobaki ni utekelezaji. Mtahiniwa asiyeona wa Kidato cha Tatu anahitaji riwaya teule siku ile ile ambayo wenzake wanaipokea, si muhula mmoja baadaye watakapokuwa wamefika sura ya sita. Kila kitabu kinachochapishwa leo nchini huanza kikiwa faili katika tarakilishi ya mchapishaji kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa. Faili hiyo, ikikabidhiwa mapema kwa mashirika yanayoruhusiwa na sheria, ndiyo inayotoa breli, ndiyo inayotoa maandishi makubwa, na ndiyo inayosomwa kwa sauti.